Mikono minne juu ya paa: namna kichwa cha treni kinavyovuka Brenner

Kichwa cha treni cha aina ya 1216 cha reli za Austria kina pantografu nne juu ya paa, ile mikono ya kukunjuka inayogusa waya na kuchota umeme. Kikiwa njiani, mara nyingi utaona mmoja umeinuka na mitatu imelala. Mtu atadhani ile mitatu ni ya akiba. Kumbe imewekwa kwa sababu majirani hawajawahi kukubaliana hata juu ya urefu wa ubao unaosugua waya: Austria na Ujerumani hutumia ubao wa milimita 1,950, Italia na Uswisi wa milimita 1,450. Waya wa reli haukunyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Huvutwa kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, ili usichimbe kaboni mahali pamoja. Wajerumani huuvuta zaidi, hivyo wanataka ubao mrefu. Ubao huohuo ukiingia kwenye mahandaki ya jirani unaweza kugonga vitu.

Njia ya Brenner ndiyo darasa zuri la mambo haya. Kutoka Innsbruck reli hupanda kilomita 37 hivi hadi stesheni ya Brennero, mpakani mwa Austria na Italia, mita 1,371 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini waya una volti 15,000 za mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi, kwa hezi 16.7. Upande wa kusini, kuteremkia Verona, una volti 3,000 za mkondo mnyoofu. Kwa miongo mingi dawa ilikuwa moja: kichwa cha Austria kinafunguliwa na kuondoka, cha Italia kinaletwa na kufungwa, breki zinapimwa upya, ndipo safari iendelee. Abiria alipata muda wa kahawa. Mwenye mzigo alilipia vichwa viwili, na kimoja daima kilikuwa kimesimama kikimsubiri mwenzake.

Hezi 16.7 ni urithi wa mota za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mota zenye brashi zilitoa cheche mno zikilishwa umeme wa hezi 50, kwa hiyo mwaka 1912 reli za Prussia, Bavaria na Baden zilikubaliana kutumia theluthi yake, na majirani kadhaa wakafuata. Italia ilipita njia yake. Ilianza na umeme wa fezi tatu, na pale Brenner haikuuacha hadi 1965. Waliojenga baadaye walipona: Tanzania ilipotandika reli ya SGR ilichukua volti 25,000 za hezi 50, hezi zilezile za gridi ya taifa, na reli ya Ethiopia na Djibouti ni hivyohivyo. Aliyechelewa hakurithi deni la babu.

Sasa hesabu. Kichwa kinachotaka kilowati 6,000 chini ya volti 15,000 kinavuta ampea 400. Chini ya volti 3,000 kinavuta ampea 2,000. Kikifika Uholanzi, kwenye volti 1,500, kingetaka ampea 4,000, zote zipite kwenye mgusano wa kaboni na waya ambao ungefunikwa kwa kiganja. Ndiyo maana 1216 ina kilowati 6,400 kwenye mkondo geu na 6,000 kwenye volti 3,000, na vichwa vya aina hii kwa jumla hupunguziwa nguvu zaidi kwenye volti 1,500. Hatari yenyewe iko pale treni inaposimama. Ikitembea, waya unapata hewa na mahali pa kugusana panahama kila nukta. Ikisimama stesheni huku mabehewa yanavuta umeme wa joto au ubaridi, sehemu moja ya waya inachemka hadi inalegea. Kanuni za Ulaya zinaweka kikomo kwa kila pantografu ya treni iliyosimama: ampea 200 kwenye volti 3,000, na 300 kwenye volti 1,500.

Swichi kuu nazo zinatakiwa mbili. Mkondo geu wa hezi 16.7 hupita sifuri zaidi ya mara 30 kwa sekunde, na swichi huukata pale unapopumua. Mkondo mnyoofu haupumui. Ukiukata unabaki unawaka hewani kama moto wa kuchomelea vyuma, mpaka uusukume kwenye chumba chenye vibamba vya kuukatakata.

Zamani ugumu huu ulibebwa kwa uzito. Ufaransa mwaka 1964 ilianza kupokea vichwa 10 vya CC 40100 kwa ajili ya treni za kifahari za Paris, Brussels na Amsterdam. Vilijengwa kuelewa umeme wa aina nne, na ni vizuri kwa macho hadi leo. Ile ya Kijerumani vilitembea nayo tumboni miaka yote bila kuipa kazi ya kawaida.

Kilichobadili mambo ni semikondakta. Katika vichwa vya sasa umeme wowote unaoingia hufanywa kwanza mkondo mnyoofu wa ndani, kisha inveta zinaukata upya kuwa fezi tatu za kulisha mota zisizo na brashi. Mota haijui kama iko Austria au Italia. Mkondo geu hupita kwanza kwenye transfoma, na transfoma ya hezi 16.7 ni nzito kwa sababu mabadiliko ya polepole yanataka chuma kingi. Mkondo mnyoofu hauhitaji transfoma hata kidogo. Basi wahandisi wa vichwa vingi vya namna hii walifanya ujanja ninaoupenda kuliko yote: nyaya za ndani ya transfoma, zikiwa hazina kazi, zinaungwa upya ziwe koili za kuchuja mawimbi machafu. Kwenye gari la ekseli nne lenye ukomo wa tani 22.5 kwa kila ekseli, huwezi kubeba shaba ya bure.

Kwa hiyo wanaosifu umeme wa aina nne wanasifu, nadhani, sehemu iliyokwisha kuwa nyepesi. Ngumu zaidi ni ishara. Umeme ukitoka motani hurudi kwa kupitia reli, na reli hizohizo ndizo zinazobeba mikondo midogo ya kuieleza mitambo kwamba treni ipo au haipo. Italia hutuma amri kwa dereva kwa mkondo wa hezi 50 ndani ya reli, Uholanzi kwa hezi 75. Inveta inakata umeme mara mamia kwa sekunde, na takataka zake zikiangukia kwenye hezi hizo, kifaa cha usalama kinaweza kusikia amri ambayo hakuna aliyeitoa. Kichwa lazima kijisikilize chenyewe na kujizima kikivuka kiwango. Juu ya hapo kinabeba vifaa vya ishara vya kila nchi: PZB ya Ujerumani na Austria, SCMT ya Italia, na antena zake zikigombania nafasi chini ya sakafu. Ndugu 50 wa 1216 hawakupewa wote vifaa na vibali vilevile, na jina la aina halikuambii kichwa kinaruhusiwa wapi.

Kuvuka kwenyewe, mahali ambapo treni hupita bila kusimama, hakuna mbwembwe. Kwenye reli za Kijerumani kibao cha buluu kilichosimama kwa pembe, chenye mstari mweupe wa kulala, kinamwambia dereva ashushe pantografu. Swichi kuu imekwisha kufunguliwa, taa za mabehewa zinaendeshwa na betri, treni inaserereka chini ya kipande cha waya usio na umeme. Dereva anachagua mfumo mpya kwenye skrini. Kibao cha pili kina mstari wa kusimama: mkono mwingine unapanda, mashine inapima volti kwanza, na isipoziona zile ilizoambiwa haitafunga swichi.

Mwishoni mwa 2009 vichwa vya 1216 vilianza kuvuta treni za EuroCity za München na Verona moja kwa moja. Kahawa ya Brennero ikafupishwa. Lakini sheria ya Ulaya inamtaka dereva ajue lugha ya njia anayoendesha kwa kiwango cha B1, aweze kuzungumza na mwongoza treni mambo yakiharibika. Hivyo kwa treni nyingi za mizigo pale juu, mashine inabaki kwenye reli ikisubiri kushuka kusini, na anayeteremka na begi lake ni dereva.