Kitabu cha Pondoro na Gobore la Mjomba

Rafiki zangu wanaoingia chumbani kwangu huniuliza kitabu hiki kinafanya nini katikati ya tamthiliya na makamusi. Ni African Rifles and Cartridges cha John Taylor, kilichotoka mwaka 1948. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam. Si kwamba mimi ni mwindaji, la hasha. Nililelewa na mjomba aliyekuwa na gobore, katika kijiji kilichoko njiani baina ya Masasi na Newala, chini ya ukingo wa uwanda wa Wamakonde, na nilitaka kujua wenzetu wenye bunduki za maana walikuwa wakibishania nini.

Taylor, aliyejulikana kwa jina la Pondoro, yaani simba, aliwinda zaidi Msumbiji. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu unaiona nchi hiyo ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo si mgeni sana kwetu. Nami nakiri kwamba anajua anachokisema. Anazipitia bunduki moja baada ya nyingine, kipenyo cha mtutu, uzito wa risasi, mwendo wake, kama fundi anayezitoa zana zake sandukuni na kuzipangusa. Anayependa kuona kazi ikielezwa na mtu aliyeifanya hatachoka kukisoma.

Lakini humo ndani mna hesabu moja iliyojipatia umaarufu kupita kiasi. Taylor alitaka kupima nguvu ya risasi nzito ya kumzimisha tembo inapompiga kichwani bila kuufikia ubongo. Akasema: chukua uzito wa risasi kwa greni (greni 7,000 ni ratili moja), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, zidisha kwa kipenyo chake cha inchi, kisha gawanya kwa 7,000. Bunduki ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, yenye risasi ya greni 300 iendayo futi 2,500, inapata 40. Ile nyembamba ya .275 inapata kama 16 tu.

Hapo ndipo anapoingia W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya nchi ya Karamoja kule Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa hiyo hiyo bunduki ya alama 16. Alipasua mafuvu ya tembo ili aone ubongo umekaa wapi, akatumia risasi ngumu iliyovikwa koti la chuma, isiyobadilika umbo, akaipeleka pale pale. Tangu wakati huo mabishano hayajaisha: wapo wanaosema ukubwa wa risasi ndio uhai wako, na wapo wanaosema ni shabaha.

Mimi niliichukua hesabu ya Taylor nikaipeleka kwa mjomba. Tuseme gobore la kizamani, mtutu wake una upana wa inchi 0.70, limeshindiliwa risasi ya mviringo. Tufe la risasi la upana huo lina uzito wa greni 515 hivi. Mwendo tuupe futi 1,000. Zidisha, gawanya: unapata zaidi ya 51. Naam, msomaji, gobore la mjomba linaishinda .375!

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Yeye amemfuata nguruwe mwitu aliyejeruhiwa kwenye vichaka vya mikorosho, anajua gobore ni kitu gani. Kosa la hesabu linaonekana ukiuliza swali jingine: risasi ina uzito gani kwa kulinganisha na upana wake? Gawanya uzito kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Tufe la gobore linapata nusu tu ya kile inachopata risasi ya .375, na ile sindano ya Bell inalingana na .375 bila kupungua. Lile tufe pana na laini linasimama njiani, kwenye nyama na mfupa, na ile nyembamba inazidi kuingia. Bell hakuwa mchawi. Ili kumtendea Taylor haki niseme kwamba aliikusudia hesabu yake kwa risasi nzito na ngumu tu, wala si kwa magobore. Waliomfuata ndio walioifanya mizani ya kila kitu.

Lawama yangu kwake ni nyingine. Kitabu chote kinamwona mwindaji kama mtu anayechagua. Taylor hakuwa tajiri, na kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kuwa jangili, lakini hata jangili yule alikuwa na bunduki zaidi ya moja na risasi za namna mbili mfukoni. Kwetu anayekutana na mnyama ni mtu aliyelala kwenye dungu akilinda mihogo na mahindi. Wanasayansi waliohesabu mashambulizi ya simba nchini Tanzania waliandika mwaka 2005 kwamba baina ya Januari 1990 na Septemba 2004 waliuawa watu wasiopungua 563, na wengi wa wahanga walikuwa wa mikoa hii ya kusini, wakati wa mavuno. Walieleza pia sababu ambayo mkulima yeyote wa kwetu angewaeleza: nguruwe huingia shambani, watu hulala huko kuwafukuza, na simba huwafuata nguruwe.

Simba mmoja wa miaka ile alikuja kwenye dungu la jirani yetu. Mjomba alimpiga kwa gobore kwenye mwanga wa mbalamwezi, akaondoka na jeraha. Asubuhi wakaletwa askari wawili wa wanyamapori na bunduki mbili za .458. Ofisi iliyowatuma siitaji. Waliyopewa ni risasi tano kwa jumla, zote ngumu, za tembo.

Taylor anasema, na hapa hana mpinzani, kwamba simba anatakiwa risasi ya ncha laini, inayofumuka ndani ya mwili wake. Risasi ngumu inamtoboa tu. Na ndivyo ilivyokuwa: askari wa kwanza alilenga vizuri, risasi ikapita bavuni ikatokea upande wa pili kama sindano katika kanga, na simba akamfikia. Mwenzake alimmaliza kwa karibu sana. Yule wa kwanza alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Nilipousoma ukurasa ule, miaka mingi baadaye, niliufunga ule mchana bila kuendelea. Ushauri ule ulikuwa umechapishwa tangu 1948. Askari yule angeusoma angefanya nini nao? Bell naye anamwambia alenge ubongo. Sawa. Lakini shabaha ya Bell ilijengwa kwa risasi nyingi alizozipiga kwa mazoezi, na askari wetu alikuwa na tatu.

Likizo iliyofuata nilikichukua kitabu kijijini, nikakaa na mjomba barazani nikimfasiria kurasa kadhaa. Alisikiliza kwa adabu, gobore likiwa magotini. Nilipofika kwenye sura ya bunduki za tembo akainua mkono.

"Mpwa wangu, huyo bwana anasemaje juu ya baruti iliyoingia umande?"

Nikamjibu kwamba sijafika huko.

"Haya, ukifika uniite," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake, akiendelea kupangusa mahali pa kuwekea fataki.