Kitenzi kimoja, pigo na jibu lake

Juzi nikisubiri matatu mtaani Ziwani, kijana mmoja wa sekondari alinionyesha shairi la Shaaban Robert, ‘Amina’, akaniuliza: “Sasa mwalimu, huyu mzee anaongea na nani na bibi yake ashakufa?” Matatu ilifika kabla sijamjibu.

Swali zito hilo, ndugu msomaji. Wengi wetu tulilikariri shairi hilo shuleni bila kujiuliza. Shaaban Robert (1909–1962) alimtungia mkewe baada ya kufiwa naye. Angeweza kusema habari zake katika nafsi ya tatu, kama tusemavyo matangani. Badala yake anamwita kwa jina na kushikilia nafsi ya pili. Sarufi yenyewe inakataa kumzika.

Tazama kitenzi ‘kufunga’. Mwanzoni Amina anafananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua. Kitenzi hichohicho kinarudi kwenye kibwagizo, safari hii kikihusu mapenzi ambayo wawili hao waliyafunga na hakuna awezaye kuyafungua. Kufunga kwa kwanza ni kufumba. Kwa pili ni kukaza fundo. Kifo kimelifumba ua, lakini fundo hakiliwezi. Pigo na jibu lake vimebebwa na neno moja.

Kasoro ipo. Hatumwoni Amina akicheka, akigomba wala akipika. Sifa zake ni za jumla, na msomaji wa leo angependa kumjua zaidi. Hata hivyo, huenda ujumla huo ndio uliomwachia kila aliyetengana na mpenziwe nafasi ya kuingia.

Na waliotengana ni wengi. Mitaa ya Eastlands kama Ziwani ina mizizi katika Nairobi ya mkoloni, iliyomhesabu Mwafrika kuwa kibarua mpita njia: mume kazini mjini, mke shambani nyumbani. Hakuna aliyekufa hapo. Kilichowatenga ni kodi, mshahara mdogo na chumba kisichotosha familia. Wao pia walizungumza na wasiokuwepo, kwa barua na kwa wimbo.

Basi kijana wangu, nikikukuta tena stejini, jibu langu ni hili: mzee anaongea na mtu aliyefungwa naye fundo moja. Ameondoka, ndiyo. Hajafunguliwa.