Mchaichai kwa Zabibu: Maji Huchukua Nini?

Nyumba nyingi za Kisauni na Likoni, huku kwetu pwani, zina shina la mchaichai uani. Ukiupika pamoja na zabibu kavu unapata kinywaji kitamu bila kijiko cha sukari. Lakini harufu yake hutegemea utaratibu wa kupika.

Zabibu hutangulia. Zioshe, zitokose kwa dakika tano, kisha zima moto ndipo utie majani yaliyokatwakatwa. Funika kwa dakika kumi. Harufu ya mchaichai hutokana hasa na sitrali, ambayo hupaa na mvuke; ukiutokosa sufuria ikiwa wazi, harufu huishia jikoni. Kuzima mapema pia huokoa makaa.

Sasa hesabu. Zaidi ya nusu ya uzito wa zabibu kavu ni sukari. Gramu 20 katika lita moja, yaani vikombe vinne, hutoa takriban gramu 3 kwa kikombe hata sukari yote ikitoka. Vijiko viwili vya chai vya sukari ni gramu 8, na soda ya mililita 300 hukaribia gramu 30. Pengo hilo ndilo faida kubwa. Nyuzinyuzi hubaki kwenye tunda, kwa hiyo ule zabibu zenyewe. Mwenye kisukari azihesabu kuwa sukari. Rezveratroli, kemikali ya ganda la zabibu mbichi inayosifiwa kuwa nzuri kwa moyo, karibu haipo katika zabibu kavu. Kukiuza kinywaji hiki kama dawa ya moyo ni kumdanganya mnunuzi.

Ukipanda mchaichai, kumbuka kwamba mchanga wa pwani haushiki maji. Tia samadi, tandaza majani makavu shinani, mwagilia kwa maji yaliyooshewa mchele. Kata mchaichai sentimita kumi hivi juu ya ardhi, nao utachipua tena. Miche hupatikana kwa kugawa shina, bila kununua mbegu.

Anika majani kivulini penye upepo. Wakati wa kaskazi kazi ni nyepesi. Masika huleta kuvu. Jani likipinda bila kuvunjika, bado lina maji. Zabibu zilizoota kuvu zitupwe: huenda zina okratoksini, sumu ambayo kutokosa hakuiondoi.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini nyingi huishia kwenye mvinyo. Kwetu zabibu kavu ni za kununua, mchaichai ni wa uani. Basi mchaichai uwe ndio kinywaji, zabibu ziwe kiungo tu.