Ubeti wa Tatu Ulienda Wapi?

Nikiimba "Leo ni Leo" ya E-Sir nikiosha vyombo, kuna mahali nikifika mdomo unaruka wenyewe na kuingia wimbo mwingine kabisa. Maneno sijayasahau. Ni kwamba kwa miksi niliyokulia nayo, hapo ndipo DJ alikuwa anapiga ile honi yake, anataja jina lake mara tatu, halafu analeta mdundo wa mtu mwingine. Wimbo huo nimeusikia mara nyingi kuliko wimbo wa taifa, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeusikia nusu.

Sisi wa Nairobi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 90 hatukulelewa na albamu. Tulilelewa na miksi. Ilikuja kwa CD iliyoandikwa kwa kalamu nene, jina la DJ kubwa kuliko majina ya wasanii wote. Ikaja kwa flashi, ile unaacha kwa duka la muvi asubuhi na kuichukua jioni ikiwa imejaa nyimbo ambazo hakuna aliyekuuliza kama unazipenda. Na zaidi ya yote ilikuja kwa mathree. Ukipanda 125 ya Rongai ama 58 ya Buru, huchagui. Unakaa, spika zinakutetemesha mbavu, na ukishuka unajua nyimbo kumi ambazo hukuwa unazijua ulipopanda. Sijui shule ngapi zinaweza kusema hivyo.

Kwa hivyo sitaki mtu asome hii kama malalamiko dhidi ya maDJ. Kama si hao nisingewahi kusikia Kalamashaka, kwa sababu walipokuwa wakivuma mimi nilikuwa kwa mgongo wa mama. DJ ndiye aliyekuwa maktaba yetu. Shida ni kwamba maktaba hii ilikuwa inachana kurasa za mwisho za kila kitabu.

Sababu zake naelewa. Abiria wanapanda na kushuka, wimbo ukikaa sana watu wanaanza kuangalia dirishani. Anachukua ubeti wa kwanza, korasi, akikuonea huruma anakupa ubeti wa pili, kisha anakata. Redio nayo ilikuwa na matangazo ya kulipia stima. Ubeti wa tatu ukabaki kule ndani ya albamu, kama chumba cha nyuma ambacho wageni hawafiki. Na mtu akijua kuna chumba ambacho wageni hawafiki, ataweka nini humo? Ataweka vitu vyake mwenyewe. Kwa ubeti wa kwanza rapa anajitambulisha. Kwa wa pili anatamba kidogo, anachokoza wapinzani. Akifika wa tatu ameishiwa na majigambo na mdundo bado unaenda, inabidi aseme kitu. Hii ni nadharia yangu na sitaki kuombwa ushahidi wa hesabu. Nenda usikilize.

Mimi nilienda kusikiliza nikiwa na miaka ishirini, kwa hosteli, simu kando ya sikio chini ya blanketi kwa sababu mwenzangu wa chumba alikuwa na mtihani. Nikaamua kupitia *Nimefika* ya E-Sir kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Albamu hiyo ni ya 2003. Mwaka huo huo, tarehe 16 Machi, E-Sir alikufa kwa ajali ya barabarani akirudi kutoka Nakuru, pamoja naye garini akiwa Nameless, ambaye alinusurika. E-Sir alikuwa na miaka 21. Rudia jina la albamu halafu urudie umri wake. Miksi haikuwahi kunipa nafasi ya kuweka hivyo vitu viwili pamoja, kwa sababu kwa miksi E-Sir ni furaha tu, ni ile dakika moja na nusu kabla ya watu kuanza kupiga kelele.

Ndani ya albamu nilikutana na mtu mwingine, anayefanya kazi. Kuna yule wa "Boomba Train" tunayemjua sote, sawa. Kuna pia yule wa "Moss Moss" na Brenda, ambaye anapunguza mwendo na kumwachia mwanamke nafasi ya kumjibu. Halafu unafika "Lyrical Tongue Twister", aliyofanya na K-Rupt, na hapo unajua kwamba ule utulivu wa nyimbo zingine ni uamuzi. Angetaka angekimbia kuliko wote.

Kitu ambacho watu hawasemi vya kutosha kuhusu E-Sir ni Kiswahili chake. Alikuwa kijana wa South C, na alirap Kiswahili ambacho hata nyanya yangu angekifuata. Kurap kwa Kiswahili kunaonekana rahisi kwa sababu maneno yetu yote yanaishia kwa irabu, vina viko kila mahali kama mchanga. Rapa mvivu anabandika "-ni" mwishoni mwa kila mstari na kujiita mshairi. Ndiyo maana kina peke yake hakinishtui. Kinachonishtua ni pumzi: mtu anavuta hewa wapi, analibeba neno refu lenye silabi sita namna gani bila kulivunja mgongo, na anaacha kimya kukae wapi. E-Sir alikuwa na pumzi ya mtu aliyekaa kwa kiti. Huwezi kusikia hilo kwa wimbo uliokatwa, kwa sababu pumzi ni hesabu ndefu. Lazima umsikie amechoka ndipo ujue hachoki.

Kwa Kalamashaka hesabu ni nyingine. Kama, Johnny na Roba, watatu, Dandora. Mwishoni mwa miaka ya 90 walitoa "Tafsiri Hii", na mwaka 2001 ikaja albamu yao *Ni Wakati*. Ukizungumza na watu wa rika la kaka zangu wakubwa watakwambia kuwa kabla ya hapo, rapa wengi wa Nairobi walikuwa wakijifanya wako New York, na hawa watatu wakasimama wakaongea kama watu wanaoishi karibu na jalala la jiji, kwa sababu waliishi karibu na jalala la jiji. Sasa fikiria: kundi la watu watatu, kila mmoja na zamu yake. Ukikata baada ya ubeti wa pili umemnyamazisha mtu mzima. Nilikaa miaka nikidhani Kalamashaka ni watu wawili. Kleptomaniax pia walikuwa watatu, Collo, Roba na Nyashinski (Roba mwingine, usichanganye). Wakadinali leo ni watatu. Sijui ni nini kuhusu tatu na jiji hili.

Hapa niseme kitu kunihusu kisha nikiache. Chuo niliacha mwaka wa tatu. Karo iliisha, nikaandika barua ya kusimamisha masomo, na hiyo barua bado inasimama. Watu wakisikia mwaka wa tatu wananihurumia kwa njia ya ajabu, kama vile ningeacha mwaka wa kwanza ingekuwa nafuu. "Ulikuwa umebakisha kidogo tu." Nadhani ndiyo maana suala hili la vitu kukatwa karibu na mwisho linanikera kuliko linavyostahili. Lakini pia lilinifundisha kwamba mtu akikuona nusu, anajaza ile nusu nyingine mwenyewe, na mara nyingi anajaza vibaya.

Mfano mkubwa ni "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji. Mwaka 2002 wimbo huo ulichukuliwa na kampeni ya NARC na ukaimbwa kwenye mikutano hadi Kibaki akaingia Ikulu mwezi wa Disemba. Neno lenyewe wamelichonga kutoka kwa Kijaluo, "bwogo", kutisha, wakaliweka katikati ya viungo viwili vya Kiingereza: mtu asiyetishika. Wimbo umejaa Kijaluo na fahari ya vijana wawili walioambiwa hawatoshi. Jukwaani kilichobaki ni neno moja. Siasa ni DJ mbaya kuliko wote, haikuachii hata ubeti wa kwanza.

Ningekomea hapo ningekuwa na hoja safi kabisa, na Juni 2024 ikaja kuiharibu. Tulikuwa mtaani kupinga Mswada wa Fedha, moshi kila mahali, na mtu akaweka "Anguka Nayo" ya Wadagliz. Huo ni wimbo wa kucheza, haukuandikwa kwa ajili ya bunge. Kikundi cha watu ambao hawajuani kikaanza kuruka pamoja mbele ya polisi. Hakuna aliyesubiri ubeti wowote. Kipande kidogo kilitutosha, na kilifanya kazi ambayo albamu nzima yenye nia njema isingefanya jioni ile. Nimejaribu kuweka hilo na "Unbwogable" kwenye mizani na bado mizani inayumba. Nafikiri tofauti ni nani ameshika mkasi. Mwaka 2002 walikata wenye jukwaa, na waliofaidika wakapata ofisi. Mwaka 2024 tulikata sisi, na hakuna aliyepata kitu isipokuwa ujasiri wa kubaki pale dakika zingine kumi.

Mkasi wa sasa umeshikwa na simu. Spotify iliingia Kenya 2021, na kwa mtandao huo wimbo unahesabiwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Sekunde 30, bana. Baada ya hapo, kwa upande wa pesa, unaweza kuzima. Sasa jiweke kwa viatu vya kijana wa Umoja mwenye mdundo mmoja na vijana wanne studioni wanaolipia saa. Utaweka utamu wako wapi? Mbele, wote. Na ubeti wa tatu utaulipia wa nini? Nyimbo nyingi ninazopenda za miaka mitatu iliyopita hazifiki dakika tatu. DJ alikuwa anakata ubeti wa tatu. Huyu mpya amehakikisha hauandikwi.

Ethic, lazima niwape heshima yao, walikuwa wameshaliona hili. "Lamba Lolo" ya 2018 ni watu wanne wakipokezana maiki haraka hivi kwamba hakuna DJ anayeweza kumtenga mmoja bila kuvunja wimbo. Watu walilalamika kuhusu matusi, hoja wanayo, lakini muundo ule ni wa akili sana. Ni kama kupanda mathree mkiwa wengi ili makanga asimwache yeyote.

Na kuna wanaokataa. *Victims of Madness* ya Wakadinali, 2020, niliichukua kama barua iliyotumwa kwangu binafsi. Scar, Domani Munga na Sewersydaa hawana haraka na wewe. Wimbo unapodhani umekwisha, mmoja anaingia na sauti nzito ya mtu aliyeamshwa, na anachosema hapo mara nyingi ni kitu ambacho hakingepita redioni mchana. Sheng' yao ni nzito kuliko ya E-Sir, kuna mistari nimeelewa baada ya miezi. Sioni kama ni kasoro. Albamu inayokupa kila kitu siku ya kwanza imekosea kidogo.

Mwezi uliopita nilijitengenezea miksi ya beti za tatu pekee. Hakuna korasi wala honi, na hakuna anayetaja jina lake. Nilianza na nyimbo za Dandora, nikapitia Ukoo Flani kwa mkusanyiko wa *Kilio cha Haki* wa 2004, E-Sir akaingia katikati, nikaishia Umoja. Nikamtumia rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga muziki kwenye harusi na ruracio. Alisikiliza yote, dakika 41, akanipigia. Akasema imepangika lakini haichezeki hata kidogo, watu wataondoka kabla ya chakula. Nikamwambia asubiri afike ile ya Wakadinali.

"Hiyo ndiyo naongelea," akasema. Halafu akaniomba nimtumie tena, ile ya kwanza ilikuwa imefutika.