Makofi ya Mangobo

Jua likianza kulegea, wasichana wa Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, hufagia uwanja mdogo mbele ya nyumba, kisha hujipanga mistari miwili wakitazamana. Mmoja huanzisha wimbo, wenzake huitikia, makofi yanashika. Wawili wanajitokeza katikati, wanaruka, kila mmoja anatua na mguu mmoja mbele. Wamekwisha kupatana: miguu ikioana ameshinda huyu, ikipishana ameshinda yule. Hiyo ndiyo nzango. Brazzaville wameifanya mchezo wa mashindano, ikachezwa hata kwenye Michezo ya Afrika ya 2015, na ni heshima inayoistahili. Mimi naipenda zaidi hapa vumbini kwetu, isiyo na refa.

Macho yangu humwendea mtoto wa miaka 3 au 4 aliye mwisho wa mstari. Kofi lake huchelewa. Hafukuzwi, dada yake humshika viganja na kumpigia navyo mpaka mwili ushike. Baada ya siku chache anapiga peke yake. Ukimtazama vizuri utaona mengi yanakwenda kwa pamoja: anawasikiliza wengine huku mikono ikitenda, anakumbuka neno lijalo, anangoja zamu, anatua bila kuanguka. Akishindwa, anarudi mstarini, na wimbo haukatiki kwa ajili ya machozi yake.

Fundi mwenyewe ni yule mwanzishaji, ambaye huenda ana miaka 9 tu. Wadogo wakiingia, anaupoza wimbo. Wakiingia mahodari, anauchochea mpaka vumbi linapanda. Anajua nani amechoka kabla hajasema. Sijui jina jingine la kazi hiyo ila ualimu.

Na sikio je? Huku kwetu sauti ni maana. Katika Kilingala, *moto* ni mtu. Ipandishe silabi ya mwisho, umetaja kichwa. Walokele wa kandokando ya mto walilifikisha jambo hili mbali kuliko wengi: ngoma yao ya gogo lililochimbwa, lokole, ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na kwa hizo mbili walipelekeana habari kijiji hadi kijiji. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, chini kidogo ya mji wetu, alijifunza ngoma hiyo na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba katika Kilokele silabi zilezile husema mtu aliutazama ukingo wa mto. Ukikosea sauti, umesema alimchemsha mama mkwe wake. Mtoto wa lugha kama hizo anahitaji sikio kali mapema, na makofi na nyimbo humnolea kila jioni bila ada.

Kwa hiyo huniuma mzazi anapokata mchezo katikati, akimvuta mtoto arudi kwenye daftari, kana kwamba alikuwa anapoteza wakati. Mwache amalize wimbo. Daftari litangoja, na atalishika kwa mikono iliyokwisha kujua mpangilio.

Juzi, wasichana wakicheza, nyuma ya ukuta wa jirani mama mmoja alikuwa anatwanga ndizi za lituma. Mchi ulianza kivyake, ukasitasita, halafu ukaangukia palepale makofi yalipoangukia. Nadhani mwenyewe hakutambua. Yule mdogo wa mwisho wa mstari alitambua: aligeuza shingo kuelekea ukutani, akacheka, na kofi lake halikuchelewa.