Rangi za Dukani na Migongo ya Gisaka

Mara nyingi sisi walimu husikika tukisema kwamba sanaa ya uchoraji haiwezi kufundishwa shuleni kwetu kwa sababu hatuna vifaa. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu ya ukweli. Nasi tulipozuru Kigali, mji mkuu wa Rwanda, tulipata nafasi ya kuipima.

Katika duka moja la vifaa vya wasanii tulikuta yote ambayo mchoraji angeyatamani: rangi za mafuta na za maji, brashi za kila unene, na turubai zilizokwisha kuwambwa. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, hakikuwamo. Bei nazo hazikuwa za mshahara wa mwalimu. Hata hivyo, ukutani palitundikwa ubao mmoja ambao haukuhitaji hata bidhaa moja miongoni mwa zile zilizopangwa rafuni. Huo ulikuwa ubao wa imigongo, na sanaa hiyo ndiyo tunayotaka kuihakiki.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo. Umugongo wa Kinyarwanda ndio mgongo wetu. Chimbuko la sanaa hii ni Gisaka, mashariki ya Rwanda, upande wa mpaka wa Tanzania. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye mwanzilishi. Lakini walioirithishana ni wanawake, waliopamba kwayo kuta za nyumba. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikainuliwa kwa vidole kuwa matuta membamba, ikaachwa ikauke, kisha ikapakwa rangi. Nyeupe na nyekundu hutoka udongoni. Nyeusi hutoka katika majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri.

Uzuri wake watoka wapi? Twadai kwamba watoka katika uchache. Rangi tatu hazitoshi kuiga machweo wala uso wa mtu. Kwa hiyo msanii hana budi kusema kwa pembetatu, misharazari na mizunguko, na kuuachia mwanga kazi iliyobaki. Kila tuta hutupa kivuli chake, na ubao ule ule hubadilika asubuhi na jioni. Ni sawa na mizani na vina katika ushairi: kifungo ndicho kimfundishacho mtunzi kuchagua.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa ushirika wa Kakira, huko Nyakarambi, waliifufua sanaa hii. Leo mjini huuzwa pia mbao zilizopakwa buluu na kijani za kopo. Hatusemi kwamba ni haramu. Lakini katika baadhi ya mbao tulizoziona, rangi zilikuwa nyingi na matuta mafupi, hata jicho likaona rangi lisiuone mgongo. Hapo sanaa imegeuka pambo tu.

Kosa si la kopo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa zilizouzwa madukani, na akazitawala hata zikawa mtindo wenye jina lake. Swali la mhakiki, basi, si rangi imetoka wapi, bali nani anamtumikia mwenzake: msanii au rangi.

Walimu wenzetu, lugha yetu yenyewe huziita rangi kwa vitu vilivyo karibu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu. Darasa lisilo na kopo hata moja lina makaa, udongo na majani. Tuanze na hayo. Duka ni jambo jema, nasi twalitamani. Ila likija, lije likute mkono uliokwisha kuizoea kazi.