Filme ya Chupa: Tulimcheka Nani?

Wengi wetu wenye umri wa miaka arobaini na zaidi tunaikumbuka filme ya chupa. Kwa Kifaransa iliitwa Les dieux sont tombés sur la tête, ni kusema miungu wameangukia kichwa, wamekuwa wazimu. Mimi niliiona nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, ndani ya chumba kimoja cha videyo, jenereta ikilia inje na sisi watoto tumebanana juu ya mabenchi. Tulicheka mpaka machozi. Leo mimi ni mwalimu wa sekondari, na nimeirudilia kuiangalia pamoja na zile zilizoifuata. Nimecheka tena, siwezi kudanganya. Lakini safari hii kicheko hakikufika mwisho. Nataka kueleza juu ya nini.

1. Hadithi na ufundi wake

Filme ilitoka mwaka 1980. Aliyeitengeneza ni Jamie Uys, mzungu wa Afrika Kusini. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola kwa dirisha la ndege. Inaanguka katika Kalahari, kwa watu wa kabila la Wasan, wawindaji wa zamani sana wa kusini mwa Afrika. Wao wanafikiri ni zawadi ya miungu. Chupa inatwanga, inalainisha ngozi, inapigwa kama filimbi. Shida ni kwamba iko moja tu. Kila mtu anaitaka, watoto wanapigana, wakubwa wanagombana. Basi baba mmoja, jina lake Xi, anaamua kuipeleka mwisho wa dunia na kuirudisha kwa wenyewe.

Njiani anakutana na mtafiti wa kizungu anayechunguza mavi ya wanyama, na ambaye akiona mwanamke anaangusha kila kitu. Anakutana na mwalimu wa kike aliyeacha kazi ya mjini. Anakutana na waasi waliokimbia baada ya kushindwa kumwua rais. Gari la mtafiti halina breki, na siku moja linajivuta lenyewe mpaka juu ya mti. Hiyo ni kazi ya fundi. Uys anajua kuchekesha bila maneno, kwa mwendo wa mwili tu, ndiyo maana sisi tusiojua Kiingereza, na Kifaransa tukikijua nusu nusu, tulifuata kila kitu. Ilipofika Ufaransa mwaka 1983, kisha Marekani mwaka 1984, watu walijaa vilevile.

Na N!xau, aliyecheza Xi, anabeba filme yote. Ile alama baada ya N ni mlio wa ulimi katika lugha yake. Uso wake una upole ambao hauwezi kufundishwa shuleni.

2. Sauti ya msimulizi

Tangu mwanzo, sauti moja ya mzungu inatueleza maisha ya Wasan. Inasema hawa watu hawana mali, hawana hasira, hawajui ubaya, hawajui hata kama kuna watu wengine duniani. Kisha inatuonyesha mji: watu wanakimbia na saa, wanajifungia katika magari. Sisi tulipenda fasi hiyo. Tulisema: kweli, mzungu amejisema mwenyewe.

Lakini angalieni namna sauti hiyo inavyofanya kazi. Xi anaongea, na hatusikii maana ya maneno yake. Msimulizi ndiye anatuambia anafikiri nini. Ni kama mtoto mdogo ambaye mama anamjibia wageni. Mwenye kusifiwa hana neno katika sifa zake.

Kuna fasi moja ambapo filme inakaribia kusema ukweli. Xi ana njaa, anaona mbuzi, anampiga mshale. Kwake mnyama ni mnyama. Kumbe mbuzi ana mwenyewe. Anakamatwa, anapelekwa tribinali, anahukumiwa, na ndani ya gereza mtu aliyezoea uwanja wazi anaanza kufifia. Hapo ungeuliza: nani aliweka sheria hiyo juu ya nchi ambayo mababu zake waliwinda? Tangu lini? Filme haiulizi. Inamtoa gerezani haraka ili akasaidie wazungu kufuata nyayo, na tunarudi kucheka.

3. Ukweli wa Tsumkwe

Sasa tuangalie yaliyokuwa nyuma ya kamera. N!xau hakutoka katika pori lisilojua watu. Alikua mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba huko Botswana, kisha akahamia Namibia na kufanya kazi ya mpishi katika shule. Mtu aliyepikia wanafunzi alilipwa kuigiza kwamba hajui chupa ni nini! Hapo ndipo niliona kwamba tulikuwa tumedharau kipaji chake. Tulifikiri anajionyesha alivyo, kumbe alikuwa anacheza.

Namibia wakati ule ilikuwa bado chini ya Afrika Kusini ya apartheid. Uhuru wake ulifika tarehe 21 Machi 1990. Watu wa N!xau, Waju/'hoansi, walikuwa wamekusanywa Tsumkwe, wamepoteza sehemu kubwa ya nchi yao. Jeshi liliajiri wanaume wao kufuata nyayo za wapiganaji wa SWAPO. Mmarekani John Marshall, aliyewapiga picha tangu miaka ya 1950, alitoa filme yake juu ya mama mmoja aitwaye N!ai mwaka uleule wa 1980. Ndani yake mnaona posho, ugonjwa wa kifua, pombe na askari. Mnaona hata watu wa Uys wakitengeneza filme ya chupa! Fasi moja, mwaka mmoja, filme mbili: moja inasema hawa hawajui dunia, nyingine inaonyesha dunia imewakalia juu.

Na wale waasi wa kuchekesha, wasiojua hata kupiga bunduki? Watu wa kusini walikuwa wanapigania uhuru kwa kweli wakati huo. Kuwafanya vikaragosi haikuwa bahati mbaya. Tena inje filme ilitangazwa kama ya Botswana, kwa sababu dunia ilikuwa inasusia mambo ya Afrika Kusini.

Mtu atasema: mwalimu, hii ni mchezo tu, imeumiza nani? Jibu liko hapa. Katika miaka ya 1980, wakubwa walitaka kugeuza nchi ya Waju/'hoansi kuwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wabaki humo kama tu wataishi kwa mishale na ngozi, bila ng'ombe, bila mashamba. Uwongo wenye sukari ulikuwa tayari kichwani mwa watu: si wanafurahi bila kitu, kwa nini uwape kisima? Kwa bahati wenyewe walijipanga, wakachimba visima, wakadai, na mwaka 1998 hifadhi ya Nyae Nyae ikawekwa mikononi mwao, ya kwanza ya namna hiyo Namibia.

4. Filme zilizofuata

Filme ya pili ilitoka mwaka 1989. Watoto wawili wa Xi wanabebwa bila kujulikana juu ya kamyo la majangili wa pembe za ndovu, na baba anawafuata kwa miguu. Vichekesho ni vilevile, lakini hapa kuna kitu cha kweli zaidi: mzazi yeyote anajua kukimbia vile. N!xau naye hakuwa yule wa kwanza. Kabla ya kukubali alidai malipo makubwa, akisema anataka kujengea jamaa yake nyumba ya matofali yenye umeme na pampu ya maji. Hilo ndilo jibu kwa msimulizi.

Nyingine tatu zilitengenezwa na watu wa Hong Kong mwaka 1991, 1993 na 1994, bila Uys. Juu yake sitasema mingi. Wanamletea maiti inayorukaruka, halafu wanampeleka mjini kwao ashangae. Hakuna tena hadithi, kimebaki kicheko juu ya mtu mmoja. N!xau alifariki mwezi wa saba mwaka 2003, kwa kifua kikuu, ugonjwa uleule uliokuwa unaua watu wa Tsumkwe.

5. Na sisi?

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Ni rahisi kumlaumu Uys na kufunga kitabu. Lakini katika darasa letu mwaka ule kulikuwa na mtoto mmoja wa Kitwa. Kesho yake baada ya videyo tulimwita Chupa. “We Chupa, kuja hapa! Hajue hata chupa, uyu!” Mimi pia nilimwita. Hakugombana na mtu. Mwaka haukuisha, akaacha masomo. Sijui kama ni juu yetu, lakini jina lake la kweli nimelisahau, na lile tulilompa ninalikumbuka.

Kwetu Kivu ya Kusini, Batwa walifukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega ulipofanywa hifadhi mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Wengi walibaki pembeni ya vijiji bila shamba. Na sisi tukisimama mbele ya wageni tunawasifu: wanajua dawa, wanacheza ngoma vizuri, hawana mahitaji mengi. Ni sauti ileile ya msimulizi! Tusisahau pia kijana wa Kongo, Ota Benga, aliyepelekwa Marekani mwaka 1904 kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis, na mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani huko New York. Watu walilipa nauli, wakaja, wakacheka. Alijiua mwaka 1916.

Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao. Ni vema. Lakini sheria haiingii darasani yenyewe. Mwalimu ndiye anaiingiza.

Sisemi filme ya chupa itupwe mwisho wa dunia. Mwaka jana niliionyesha wanafunzi wangu. Walicheka kama sisi. Nilipozima, msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, ule mutu mwenyewe aliipenda filme?” Sikuwa na jibu. Lakini ndilo ulizo ambalo sisi, watoto wote wa kile chumba cha videyo, hatukuuliza hata mara moja. Ndugu wasomaji, mkiiangalia tena na watoto wenu, anzeni na hilo.